Kurekodi udi na sauti chumbani: kompyuta moja, maiki mbili

Nilipoamua kurekodi muziki nyumbani nilianza kwa kununua vifaa, nikafuatia kwa kupakua programu. Nilikosea mpangilio. Kama ningekuwa naanza leo, ningekaa kwanza chumbani nusu saa, mlango umefungwa, nisikilize tu.

Mimi ni fundi wa redio na mafeni, Ng'ambo, Unguja, na ninapiga udi tangu nina miaka kumi na sita. Haja yangu ilikuwa moja: kumrekodi shangazi yangu. Amevuka miaka sabini, na bado anaimba nyimbo za taarabu alizozinyaka kwa mama yake jikoni, mama akikuna nazi. Studio hataki kuisikia. Nilipomtajia alinijibu, "Mwanangu, mimi nikafungiwe ndani ya kioo nitazamwe kama samaki?" Basi ikabidi studio imfuate yeye. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyapata kwa miaka mitatu ya kurudia, na yatamfaa hata mwenye gitaa, kinanda au sauti yake peke yake.

Chumba kwanza

Ingia chumba unachotaka kurekodia, upige kofi moja kali. Kofi likifuatwa na mlio mfupi mkali, kama wa bati lililogongwa, ujue kuta zinarudisha sauti, na maiki itauchukua mlio huo kwenye kila neno. Nyumba zetu za matofali ya saruji na sakafu ya vigae zina tabia hiyo. Sebule nzuri yenye nafasi ndiyo mbaya kuliko vyumba vyote. Chumba cha kulala chenye kitanda, mazulia, mapazia mazito na kabati la nguo lililoachwa wazi kitakupa sauti bora bila kulipa hata shilingi.

Trei za mayai ziache. Watu wengi wanazibandika ukutani, nami nilizibandika. Karatasi ile ni nyepesi, inapunguza kidogo sauti nyembamba za juu, lakini sauti nzito zinapita kama hakuna kitu. Kinachomeza sauti ni unene. Mimi nimesimamisha godoro la sufi ukutani, nyuma ya mgongo wa anayeimba. Nasema nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki, kwa sababu maiki nyingi za kuimbia zinasikia zaidi upande wa mbele, na mbele yake kuna mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Ukuta huo ndio wa kufunika. Blanketi lililokunjwa mara mbili na kutundikwa kwenye kamba, likiachwa mbali kidogo na ukuta, nalo hufanya kazi nzuri.

Kisha kelele. Kaa kimya na uandike kila unachokisikia, pamoja na saa yake. Orodha yangu ilikuwa na feni, friji ya jirani, kuku, bodaboda, watoto wa chuoni, adhana na mvua juu ya bati. Hakuna programu itakayokuondolea mvua ya masika nyuma ya sauti ya mtu bila kuiumiza sauti yenyewe. Kwa hiyo nilitafuta saa. Udi peke yake naurekodi saa tisa usiku, mtaa umelala. Shangazi namrekodi saa tatu asubuhi, watoto wako skuli na koo lake limeshafunguka kwa chai. Feni inazimwa, tunavumilia joto, tukimaliza wimbo tunafungua madirisha.

Iko kelele moja inayonihusu kwa kazi yangu, nayo ni mvumo wa umeme. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake hujitokeza kwenye rekodi katika 50, 100 na 150. Ukiusikia, jambo la kwanza chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Mara nyingi hapo hapo mvumo unakatika, hasa kwenye nyumba ambazo erthi yake haikufungwa vizuri. Jambo la pili, usiulaze waya wa maiki sambamba na waya wa umeme. Vikilazimika kupishana, vikatize vizuri, kimoja kiende huku na kingine kule.

Vifaa, kwa ufupi

Laptopu yangu niliinunua kuukuu kwa shilingi 350,000, ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na inabeba traki kumi, yaani mistari kumi ya sauti, kila mmoja na chombo chake, bila kulalamika. Kama unayo laptopu inayofungua intaneti na kuandika barua, usinunue nyingine.

Maiki ziko za aina mbili kubwa. Maiki ya jukwaani, ile ngumu ya kushikwa mkononi, haihitaji umeme na inasikia zaidi kilicho karibu nayo. Maiki ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye kifaa unachoichomeka, na inasikia kila kitu, hadi panya darini. Dukani watakusifia ya pili. Kwa nyumba zetu zenye kelele mimi namshauri anayeanza achukue ya jukwaani na aimbe karibu nayo. Kondensa utainunua baadaye, chumba chako kikishatulia.

Kati ya maiki na laptopu panahitajika kadi ya sauti ya nje, kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Chukua yenye matundu mawili ya maiki. Maiki za USB zinazojitegemea ni rahisi kwa mtu mmoja, ila ukitaka kutumia mbili kwa pamoja kwenye Windows utahangaika. Hedifoni ziwe za waya na zifunike sikio lote. Za bluetooth hazifai kwa kurekodi, kwani zinachelewesha sauti, na mwimbaji anayejisikia akichelewa hupoteza mwendo.

Programu

Audacity ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na inatosha kabisa kwa kasida, hadithi ya mdomo au sauti na gitaa. FL Studio utaikuta kwa vijana wengi wanaotengeneza biti za bongo fleva, na kwa kupanga midundo ni tamu sana. Ila ujue toleo lake la majaribio halikufungulii tena kazi uliyoihifadhi mpaka ulipe. Mimi natumia Reaper. Inakupa siku 60 za kujaribu ikiwa kamili, leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60, na ni nyepesi hata kwa mashine kuukuu.

Usichukue programu iliyovunjwa kufuli. Nilipewa moja kwenye flashi, ikaja na virusi, nikapoteza nyimbo sita za shangazi. Nyimbo nne amezirudia. Mbili hakuzikumbuka tena maneno yake, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Vitufe nitakavyovitaja ni vya Reaper, lakini kazi yenyewe ni ile ile popote. Kabla ya kurekodi chochote, hifadhi kazi: Ctrl+S, chagua kutengeneza folda mpya, upe jina la wimbo. Usipofanya hivyo mafaili ya sauti yatatawanyika kwenye kompyuta na siku ya kuhamisha hutayaona. Kwenye mipangilio weka sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara ngapi, na biti 24, yaani usahihi wa kila kipimo. Dakika moja ya traki moja itachukua karibu megabaiti 8, kwa hiyo nafasi si tatizo.

Ctrl+T inaongeza traki. Iandike jina hapo hapo, "udi" au "sauti", kabla hujarekodi, maana faili litachukua jina hilo. Bonyeza kitufe chekundu cha traki, chagua tundu la maiki, kisha mwambie mwimbaji aimbe pale anapopaza zaidi. Shangazi alinidanganya hapo bila kukusudia: kwenye kujaribu aliimba kwa adabu, kwenye kiitikio akapasua. Siku hizi namwambia, "Shangazi, imba kama kwenye harusi ya mwanao." Mshale wa kipimo uguse hasi 12 desibeli hapo anapopaza, na usifike sifuri kabisa. Sauti iliyogonga sifuri imekatwa kichwa na haitengenezeki. Iliyo chini kidogo unaipandisha baadaye bila hasara, na hiyo ndiyo faida ya biti 24.

Halafu lile tatizo linalowakatisha tamaa wengi: unaimba, na sauti yako inakurudia masikioni ikiwa imechelewa. Kompyuta inakusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampuli 1024 ni kama sehemu 23 za elfu za sekunde, na kwa kuwa linahesabiwa kuingia na kutoka, mwimbaji anaona kabisa kuwa amechelewa. Fungu la 128 ni sehemu tatu tu. Weka 128 au 256 wakati wa kurekodi, na ukisikia sauti inakwaruza au kukatika, panda ngazi moja. Kwenye Windows tumia dereva ya ASIO ya kadi yako, ile programu ndogo inayoiunganisha kadi na kompyuta bila kuchelewa, na kama haina, ipo ASIO4ALL ya bure. Kadi nyingi pia zina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Ukikitumia hicho, zima usikilizaji wa ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili.

Kuweka maiki

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu. Kuisogeza maiki kwa upana wa vidole vinne hubadilisha sauti kuliko chochote utakachokifanya baadaye kwa kipanya.

Kwa sauti ya mtu, anza na umbali wa shubiri moja, na kama chumba kina mwangwi, nusu yake. Maiki isielekee mdomoni sawasawa. Ikae pembeni kidogo, usawa wa pembe ya mdomo, ili pumzi ya P na B ipite kando. Mwambie aseme "papa wa Pemba" mara tatu. Ukisikia mipigo kama ya ngoma, isogeze tena, au uvute soksi ndefu nyembamba juu ya duara la waya na uliweke katikati. Mimi nimetumia fremu ya kudarizia kofia.

Kwa udi, watu huelekeza maiki kwenye tundu. Nako kunatoa sauti nyingi, kweli, lakini ni sauti ya kwenye mtungi. Anza pale shingo inapokutana na tumbo, umbali wa sentimita 30 hivi, halafu mtu mwingine aisogeze taratibu huku wewe unapiga na kusikiliza kwenye hedifoni. Ikielekea zaidi kwenye risha, kijiti cha kupigia nyuzi, utapata mkwaruzo mkali, ikielekea shingoni utasikia vidole vinavyoteleza. Baina yake pana mahali udi unalia kama unavyolia masikioni mwa aliyekaa mbele yako. Ukipapata, weka alama ya chaki sakafuni, ya mguu wa kiti na ya mguu wa maiki, uweze kuparudia kesho.

Angalia pia mwili wa anayerekodiwa. Bangili za shangazi zililia kwenye wimbo mzima wa kwanza, na mimi nilizisikia baada ya yeye kuondoka. Sasa anazivua na kuziweka kwenye kitambaa. Kiti cha mbao kinacholia tumekibadilisha kwa mkeka na mto.

Pamoja au mmoja mmoja

Vitabu vya kazi hii vinakuambia urekodi kila ala peke yake, ukiwa na metronomu, mlio wa kuhesabu mwendo, masikioni. Kwa kijana anayeimba juu ya biti ni sawa, fanya hivyo: rekodi kwanza sauti ya mwongozo na gitaa, hata ikiwa mbaya, kisha jenga vingine juu yake na mwisho uufute mwongozo.

Shangazi hawezi. Nilimvalisha hedifoni na kumwashia metronomu, akaimba kama anasoma tangazo la msiba. Waimbaji wa rika lake wanamvuta mpiga udi na kusubiriwa naye. Hiyo pumzi baina yao ndiyo taarabu yenyewe. Kwa hiyo tunakaa pamoja, yeye na maiki yake, mimi na yangu, bila hedifoni. Kuna kanuni inayosaidia hapo: maiki moja iwe mbali na nyingine angalau mara tatu ya umbali wake na chanzo chake. Kama yake iko sentimita 20 kutoka mdomoni, yangu ikae sentimita 60 au zaidi kutoka kwenye maiki yake, na migongo ya maiki itazame upande wa yule asiyehusika. Sauti yake itaingia kidogo kwenye udi, na udi kwenye sauti yake. Sitaweza kurekebisha kimoja bila kugusa kingine, na nimekubali. Dumbaki na fidla tunaviongeza siku nyingine, wapigaji wakisikiliza rekodi.

Rudieni mara tatu, msizidi nne. Siti binti Saad na kikundi chake walisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri, na upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua dakika chache tu, ulipoisha umeisha. Walifika wakiwa wameufinyanga wimbo tayari. Sisi tuna nafasi isiyokwisha kwenye diski, na nafasi hiyo inatutia uvivu. Ya arobaini haijawahi kuwa nzuri kuliko ya tatu. Fanyeni mazoezi jana yake, bila kompyuta.

Kila mara kabla ya wimbo kuanza, acha sekunde kumi za ukimya zirekodiwe. Utazihitaji kuziba pengo unapokata.

Kusafisha na kumiksi

Kata kwa herufi S pale mshale ulipo, na kila unapounganisha vipande viwili vifanye vipishane kidogo ili pasiwe na mlio wa "tk". Pumzi za mwimbaji usizifute. Zipunguze kama ni kubwa mno, lakini wimbo usio na pumzi unasikika kama umeimbwa na mashine.

Kwenye traki ya sauti, ondoa yote yaliyo chini ya mizunguko 80 hadi 100 kwa sekunde. Hapo hamna sauti ya mwanamke, kuna kishindo cha sakafu na mvumo tu. Kwenye udi usifanye hivyo kwa mazoea, kwani nyuzi zake nene zinaweza kushuka chini ya 80, na ukikata utaupokonya kifua. Kompresa, kile kinachoishusha sauti inapopaa, iweke kwa uwiano wa 3 kwa 1 na ipunguze desibeli tatu au nne pale anapopaza, basi. Mwangwi wa kutengeneza uweke kwenye traki ya peke yake, uipelekee sauti na udi kidogo kidogo, viwe kama vimekaa chumba kimoja. Ongeza mpaka uusikie, kisha rudisha nyuma mpaka usiwe na hakika kama upo.

Sasa lile ninalolisema kwa nguvu kuliko yote: usiitie taarabu ya kale kwenye kirekebisha sauti, programu inayoivuta sauti ya mwimbaji hadi kwenye noti iliyo karibu, kikiwa kama kilivyokuja. Programu hizo zimepangwa kwa sauti kumi na mbili za kinanda. Makamu ya Rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ina sauti yake ya tatu iliyokaa kati ya kitufe cheusi na cheupe, na udi, usio na vigawio shingoni, unaifika pale pale. Nilijaribu mara moja. Mashine iliona kosa, ikaivuta sauti ya shangazi juu, ikaenda mahali ambapo yeye hajawahi kuimba maisha yake yote, huku udi wangu umebaki chini. Nilipomsikilizisha alinyamaza, halafu akauliza, "Huyu nani?" Nikaifuta mbele yake. Kama neno moja limekwenda kombo, chukua neno lile lile kutoka mara ya pili au ya tatu mliyoimba.

Ukimaliza, usitoe siku hiyo hiyo, masikio yamechoka. Kesho sikiliza kwa sauti ndogo, kisha kwenye simu, kisha kwenye redio ya mtu mwingine. Mimi naipeleka barazani kwa wanywa kahawa, naiweka bila kusema kitu. Wakiinua macho na kuanza kufuatisha maneno, sauti iko mbele ya udi inavyopaswa. Wakiuliza "anasema nini hapo?", narudi kuipandisha kwa desibeli moja.

Kutoa na kuhifadhi

Ctrl+Alt+R. Toa nakala mbili: WAV ya biti 24 ya kuweka, na MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ya kutuma. Usiminye wimbo ili upige kelele kuliko nyimbo nyingine. Spotify inazisawazisha hadi karibu hasi 14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima, kwa hiyo uliyoiminya itashushwa tu, na itabaki imebanwa. Kwa sauti na udi mimi naacha kwenye hasi 16.

Ndugu zetu walioko Muscat husubiri kwa WhatsApp. Nawatumia faili kama waraka, si kama ujumbe wa sauti, ili lisiminywe njiani. Folda nzima ya kazi naihifadhi mahali pawili, diski ya nje hapa nyumbani na nyingine kwa kaka yangu Bububu. Jina la folda naliandika mwaka kwanza, kisha mwezi, siku, jina la wimbo, na neno "shangazi". Ndani yake naweka faili dogo la maandishi lenye maneno yote ya wimbo kama alivyoyasema yeye, na jina la aliyemfundisha.